Fimbo Nyepesi ya Muanda

Yaya Ilunga, mkubwa wangu,

Jambo yako, na ya mama na batoto wote pale Kapata. Sisi tumefika baharini, Muanda. Tumechoka, yaya. Upepo wa huku unatia chumvi hata kwenye chai.

Kazi hakuna, basi leo nilikwenda kununua fimbo ya kuvulia. Unanijua: nilishika ile nene kuliko zote, kama ile tuliyovulia pamoja mtoni Lualaba. Muuzaji akacheka. Akanieleza kwa Kilingala kwamba hapa mtu anasimama mchangani na kurusha ndoana kutwa nzima, na samaki wa ukingoni ni wadogo. Fimbo nzito itanitia mkono ganzi bure.

Nikasita. Mke wangu alikuwa pale dukani, amekalia lile furushi ulilotufungia siku tulipofukuzwa Kolwezi kwa kuitwa wageni. Mpaka leo hataki lifunguliwe. Akainuka, akachukua fimbo nyepesi, akatembea nayo mbio mbio kidogo.

“Tubebe hii,” akasema. “Hata bakitufukuza tena, tutakimbia nayo.”

Ile nene niliyoiacha kwako, usinitunzie tena. Vua nayo, mule mushibe, mutukumbuke.

Mdogo wako,
Mukendi