Sindano za Misuli na Mlima wa Tororo

Mjukuu wangu Barasa,

Huku Buteba hatujambo, mihogo imekubali. Bibi yako bado anasema wewe ndiye mume wake, mimi ni askari wa geti tu.

Umeuliza kama sindano za kukuza misuli zitakusaidia kwenye ndondi, maana kocha wako anakushawishi. Sikudanganyi, ngumi zinaongezeka nguvu. Rafiki yangu Okello, bondia mwenzangu, alijidunga, akafura kama gunia la saruji. Zamani tulikuwa tukiupanda mlima wa Tororo pamoja asubuhi. Baada ya sindano akawa anaishia katikati, anatweta.

Tulipopambana, raundi ya kwanza aliniangusha, mimi niliyeogopwa mpaka Kisumu! Nikaamka. Raundi ya tatu mikono yake ikagoma kupanda. Akaniegemea, moyo wake unagonga kifua changu, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, nishike nisianguke."

Nikamshika. Mwamuzi akaninyanyua mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado umembeba Okello.

Kataa, mume mwenzangu. Ukipigwa bila sindano, njoo na uso wako uliovimba, nitakuchinjia jogoo. Ukishinda kwa sindano, jogoo ataishi.

Babu yako, bingwa