Winga wa Kushoto wa Tres Lapachos

Isla Pytã, 6 Machi 2011

Kaka yangu Anastacio,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na la Bikira wa Caacupé. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo kazi ya kubeba matofali? Mimi presha imetulia, mguu tu unavimba jioni. Wa hapa wote wazima, wanakuulizia.

Kaka, nimefungua kompyuta ya mwanangu Derlis. Misa ya mwaka tumeshamsomea, nikasema angalau niifute vumbi. Ikawaka. Ule mchezo wake wa kuongoza timu ya mpira upo vilevile alivyouacha kabla homa ya dengi haijamlaza. Unajua alikuwa anatengeneza nini? Timu yako! Tres Lapachos yetu, kila mtu kwa jina na namba yake, na yeye mwenyewe winga wa kushoto, miaka kumi na tisa. Alitaka icheze kama ulivyoichezesha wewe mwaka ule wa kombe. Hakumaliza.

Mwanangu hakuacha kazi nyingi nusunusu. Hii nataka niimalize mimi. Kubonyeza najua, miaka yote nilikuwa nikipiga nguo pasi nyuma yake. Lakini tumefungwa manne, kisha matano. Beki wetu Fulgencio nilimwachia apande mbele, kwa kuwa ni mtu mwema na anaimba kwaya. Niambie mlikuwa mnachezaje hasa.

Dada yako,
Eusebia

Buenos Aires, 27 Machi

Dada Eusebia,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi. Mgongo upo, nami nipo nao. Chipa, ile mikate ya jibini uliyompa dereva wa basi, ilifika imevunjika, tukaila hadi makombo. Mguu huo uuinue ukikaa, usijifanye msichana.

Kuhusu hiyo timu, nilitaka kukuomba uiache. Mpira mimi nimeachana nao, hata redio ikiutangaza nazima. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili bila kujibu.

Lakini matano, dada! Timu yangu! Na Fulgencio anapanda? Mtu anayehema akienda kupokea komunyo?

Sikiliza. Najua alivyofanya mwanao: kwa upole wake amewapa wote magoti mazima. Warudishie magoti yao mabovu. Fulgencio asivuke nusu ya uwanja. Kulia wote wakae nyuma, wajikokote, adui avutike kuja. Ñeco, mshambuliaji, akimbilie kulia bila mpira, mabeki wamfuate. Hapo kushoto kote panabaki wazi. Mpira mrefu mmoja tu, na Derlis anaukuta.

Watu waliiita mbinu. Ilikuwa ni kuficha magoti mabovu ya wenzake na kumwachia nafasi mtoto mwenye mbio.

Usiniandikie tena habari hizi.

Kaka yako,
Anastacio

Isla Pytã, 1 Mei

Kaka mpenzi,

Amani iwe nawe. Mguu nauinua, usinitukane. Wewe unakula? Mchele peke yake si chakula.

Umesema nisikuandikie, nami nakuandikia. Tumeshinda! Niliwarudishia magoti, nikimwomba kila mmoja msamaha, na siku ile ile wakawa wao hasa. Ñeco akaenda kulia, mpira ukaenda kushoto, na jina la mwanangu likatokea kwenye ubao. Nililia mpaka pasi ikaunguza shati.

Mwaka mzima unaisha kwa siku chache humo ndani. Derlis sasa ana miaka ishirini na tano. Sikujua kama ningewahi kumwona na ishirini na tano.

Ila kuna jambo. Wiki iliyopita nilimweka benchi, alionekana kachoka. Ikaja barua ndani ya mchezo: “Derlis Ayala anataka kuzungumza nawe.” Kaka, nywele zilinisimama. Nikamjibu kwa sauti, “Pumzika tu, baba.”

Nilikwenda kwa Padri Cirilo, nikihofu ni kuita wafu.

“Unamwomba?” akaniuliza.

“Simwombi, Padri. Nampanga kikosini.”

“Basi mpange vizuri,” akasema, kisha akainama: “Na mbele umemweka nani?”

Alicheka, lakini aliponibariki aliuacha mkono wake kichwani kwangu muda mrefu kuliko kawaida.

Dada yako,
Eusebia

Isla Pytã, 19 Juni

Kaka,

Nakutakia heri na afya. Kimya chako nakisikia hadi huku.

Fulgencio amestaafu humo ndani. Ñeco pia. Mmoja mmoja wamekwisha, mahali pao kompyuta imeleta watu wa kubuni, hawana mama wala kijiji. Katika timu yako amebaki Derlis peke yake. Ana miaka thelathini na sita, mzee wa kikosi. Leo tumecheza na Sol del Este tukashinda mawili kwa moja.

Eusebia

Isla Pytã, 10 Julai

Kaka,

Salamu. Baridi imetukamata, nimevaa koti lako la zamani ndani ya nyumba.

Leo Sol del Este, mvua, sare bila bao. Derlis aligonga mwamba.

Eusebia

Isla Pytã, 31 Julai

Kaka,

Habari za huko? Mimi nasukuma siku.

Sol del Este, tumewapiga matatu. Derlis alicheza vizuri sana, na miaka yake thelathini na sita.

Eusebia

Buenos Aires, 14 Agosti

Dada,

Mimi mzima. Wewe ndiwe ninayekuhofia.

Mbona kila barua ni Sol del Este? Ligi ya huko ina timu ngapi? Na mbona hadi leo ana miaka thelathini na sita, wakati ulikuwa unamkuza mwaka kwa siku chache? Una nini, Eusebia? Sema.

Kaka yako,
Anastacio

Isla Pytã, 28 Agosti

Kaka yangu,

Namshukuru Mungu umeandika. Mwili hauumwi.

Anastaafu. Alipofika thelathini na nne alisema anataka kuacha, mchezo ukaniuliza nimsihi au nimuage. Nikamsihi, akakubali. Mwaka uliofuata nikamsihi tena, akakubali. Safari hii hataki. Imeandikwa: “Derlis anakushukuru kwa yote, lakini hatabadili uamuzi wake.” Sol del Este ndiyo mechi ya mwisho ya msimu. Nikibonyeza “Endelea” baada yake, anaondoka.

Kwa hiyo sibonyezi. Nazima, nawasha, narudi nyuma, naicheza tena. Kila mchana baada ya kula, watu wakiwa wamelala, mwanangu anacheza Jumapili ile ile. Wakati mwingine anafunga, wakati mwingine hapana. Naanza kuona kama amechoka kwa ajili yangu. Nikisali rozari nasikia ni yeye anayesubiri nimalize.

Njoo, Kaka. Njoo unibonyezee. Mimi mkono unakataa.

Eusebia

Buenos Aires, 11 Septemba

Dada yangu,

Pole. Neno lingine la kuanzia sina.

Hukuniuliza kwa nini niliondoka, nami nikakuacha udhani ni kutafuta kazi. Jumapili baada ya mazishi ya Derlis tulikuwa na mechi. Wewe ulikuwa ndani na wanawake wa sala za novena. Vijana walikataa mtu asimame nafasi yake, tukaingia kumi. Nusu saa ikapita. Kisha Ñeco akakimbilia kulia kama nilivyomfundisha, mabeki wakamfuata, na Fulgencio akaupiga ule mpira mrefu. Alikuwa amesahau. Nami nikaruka kutoka benchi nikaita, “Derlis, twende! Derlis!” kwa sauti yangu yote.

Wote kumi waligeuka kutazama kushoto. Hata wa timu ya pili. Mpira ukadunda, ukadunda, ukatoka wenyewe. Hakuna aliyekwenda kuuchukua.

Jumanne nikapanda basi. Siwezi kuja kukubonyezea, na wala sikuambii ubonyeze. Mimi nilikimbia, na bado kijana yeyote akipita kushoto kwangu kwenye jukwaa la ujenzi, nageuka.

Kaka yako,
Anastacio

Isla Pytã, 2 Oktoba

Kaka yangu Anastacio,

Bikira akufunike. Mimi niko salama, nimepata usingizi siku mbili hizi.

Nimebonyeza. Niliicheza mara moja tu, tukafungwa. Dakika ya sabini nilimtoa mimi mwenyewe, ili atoke kwa mkono wangu. Kisha nikamuaga, na jina lake likaondoka kwenye kikosi.

Nilisubiri msimu mpya. Mechi ya kwanza sikumweka mtu kushoto. Mchezo uliniandikia kwa nyekundu kwamba nina wachezaji kumi. Nikauambia najua. Wale watu wa kubuni wakacheza kama ulivyofundisha, wa kulia wakajikokota, mshambuliaji akavuta mabeki, na ule mpira mrefu ukaja kushoto.

Kaka, niliita. Niliita kwa nguvu hata jirani Doña Porfiria akaja mlangoni kuuliza nani kaanguka. Sikuona haya. Nilimwambia namwita mwanangu, akasema sawa, akakaa nami mpaka kipyenga.

Sasa tumebaki wawili tunaomwita, wewe huko kwa wageni na mimi hapa. Inanichosha kumwita peke yangu.

Njoo nyumbani.

Dada yako,
Eusebia