Mayungiyungi ya Léoncie

Tarsisi, kanuni ya baraza letu la wazee unaijua: mushingantahe anayemtukana mtu hadharani huwanywesha wenzake bia.

Nimetukana. Mimi! Mtaa mzima wa Nyakabiga ukisikia.

Mkwe wangu Salvator aliagiza ukuta wa ua uinuliwe kwa sababu ya risasi zinazorushwa mtaani. Mafundi wakamwaga udongo wa msingi juu ya mayungiyungi ya marehemu mke wangu. Yote!

Nikamuuliza fundi Cirimwami: "Maua yako wapi?"

Akasema: "Muzee, si majani tu? Mvua ikikuja, itaota."

Majani tu! Nikamwita Cirimwami mbwa. Mbwa, Tarsisi! Binti yangu Amélie akanivuta koti: "Papa, batu banasikia!"

Picha za Léoncie ziliungua pamoja na nyumba yetu ya kwanza. Nilibakiwa na maua hayo.

Nimefukua kwa mikono hadi kucha zikapasuka. Mizizi mingi imepondeka. Michache iliyo mizima nimeifunika kivulini kwa gunia lililoloweshwa maji. Sijui kama itaishi. Sijui kabisa.

Kreti ya bia iko mlangoni kwako. Cirimwami ndiye aliyeibeba. Nimemwomba radhi mbele ya watu walewale, na chupa ya kwanza nimemfungulia yeye.