Nimeanza Kusema Mimi

Jumamosi, Ngagara.

Nimesema wa kwanza, na nimemaliza bila kulia.

Siku ya mazishi ya Melki walinipanga niseme mwisho. Muda wote nilikuwa nikirudia maneno yangu kichwani, sikumsikia hata mtu mmoja, na zamu yangu ilipofika sauti ilikataa kutoka. Niliogopa leo, siku ya kuondoa matanga, iwe vile vile. Sina nafasi nyingine ya kumuaga mume wangu mbele ya watu.

Kwa hiyo, kabla vinywaji havijafunguliwa, nilinyoosha mkono. Shemeji Deo, kaka mkubwa wa Melki, akanitazama.

“We, shemeji? Wakubwa hawajasema bado.”

“Niache nianze. Mi nikingoja nitalia.”

“Haya, anza. Lakini usimalize yote, utuachie kidogo!”

Watu wakacheka, nami nikaanza humo humo ndani ya kicheko. Nilisema tu kwamba kila jioni Melki alijifanya anatengeneza kufuli la geti, mpaka binti yetu arudi kutoka shuleni. Nikakaa. Fanta yangu ilikuwa bado baridi.

Baada ya hapo niliweza kusikiliza. Mama mkwe akasimulia kwamba Melki akiwa mdogo jogoo alimrukia usoni, na tangu siku hiyo hakugusa kuku aliye hai.

Miaka yote ya ndoa yetu nimekimbiza kuku uani peke yangu, nikimwita mvivu, naye akicheka tu. Kumbe alikuwa anaogopa. Ungeniambia, Melki. Nisingemwambia mtu.