Bahari kwa Dakika Nne

Muizenberg, 9 Februari 2014

Baba mpenzi,

Mwanao nakusalimu. Mgongo unaendeleaje? Na jirani yetu Daavi Abla, bado anakuletea samaki wa moshi kila Jumamosi na kukugombeza kwamba hujafua? Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha, na kazi ya kuchapisha picha za watu dukani inaendelea.

Miaka mitatu hii hujaniuliza mimi mwenyewe napiga picha gani, nami sijakwambia kwa kuogopa utacheka. Leo nakutumia moja. Hilo ni bwawa la kuogelea lililojengwa kwa mawe ukingoni mwa bahari. Nilifika jua halijachomoza, nikaacha lenzi wazi dakika nne. Ndiyo maana maji yanaonekana kama moshi. Usinichape kwa maneno, Baba. Niambie tu unaionaje.

Mwanao,
Sitsofe


Dzitakope, 14 Machi 2014

Sitsofe mwanangu,

Barua imefika salama, nasi tu salama. Mgongo unauma asubuhi, jioni unasahau. Daavi Abla anakusalimu sana. Alipoiona picha alisema, "Foto Seth, mwanao amepiga picha ya maziwa!" Nikamjibu, "Kaenda mbali kote huko kutafuta maziwa, na hapa ng'ombe wapo."

Sasa tuache mzaha. Nimepiga picha miaka arobaini na tatu: maharusi, marehemu, watoto wa kipaimara. Maji hayaolewi wala hayaombi pasipoti, nani atakulipa? Ulipoondoka ukaniachia studio nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha yote. Lakini picha hii iko mezani kwangu siku ya tisa leo, na kila nikipita nasimama. Mawe yamekaza, maji yamelala. Ulifanyaje filamu isiungue?

Bahari huku imechukua minazi ya mstari wa mwisho. Kutoka mlango wa studio hadi majini sasa ni hatua sitini.

Baba yako,
Seth


Muizenberg, 20 Aprili 2014

Baba yangu,

Nimesoma barua yako kwenye treni nikacheka hadi mama mmoja akahama kiti. Nafurahi mgongo unajua kusahau. Daavi umwambie maziwa yake nitamletea.

Filamu haiungui kwa sababu nakwenda kukiwa na mwanga mdogo sana, na tundu la lenzi nalibana hadi mwisho. Stendi ikandamize mchangani mpaka ikatae kuzama, ning'iniza mfuko wa mawe katikati yake, kisha usiiguse tena. Na filamu huwa inachoka kwenye mwanga hafifu: kipimo cha mwanga kikikuambia dakika moja, wewe ipe tatu au nne. Hesabu polepole.

Lakini Baba, hatua sitini? Krismasi ya mwisho niliyokuwa nyumbani zilikuwa karibu mia mbili. Mnangoja nini?

Mwanao,
Sitsofe


Dzitakope, 2 Julai 2014

Mwanangu mpendwa,

Za baridi ya huko? Huku mvua imepungua, nakula vizuri, sima yetu ya akple hainipiti.

Nimefanya ulivyosema. Asubuhi ya kwanza na ya pili niliharibu, ya tatu upepo ukaitikisa kamera. Ya nne ilikuwa wakati wa maji makuu ya mwezi mpevu. Nikapanda juu ya paa la studio, nikaielekeza kamera kijijini, nikafungua. Kwenye chumba cha giza, picha ilipojitokeza, nilikaa chini. Ukungu mweupe wa mawimbi umepita nyumba ya Agbeli fundi baiskeli, umepita nyuma ya matanuri ya Daavi Abla, umesimama ukutani kwetu. Wimbi mojamoja tunaliona likija, likiondoka tunasema limeondoka. Picha imeyaweka yote.

Jumapili katekista Fiagbe aliniruhusu niitundike kanisani. Agbeli akacheka. "Mzee Seth, huo si moshi wa matanuri ya Abla?"

"Moshi wa wapi?" Daavi akamrukia. "Wiki nzima nilikuwa matangani Anloga, matanuri yangu yalikuwa baridi kama pua yako. Hebu toka hapo niione nyumba yangu." Akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nahama."

Amehama kweli. Kavunja matanuri, kabeba matofali kichwani hadi ng'ambo ya barabara, upande wa wangwa, mbali na bahari. Agbeli alimfuata baada ya siku nne. Mpaka leo nyumba kumi na moja zimeondoka. Nakutumia nakala uione.

Mimi nabaki kwanza. Ukuta wetu ni wa saruji.

Baba yako,
Seth


Muizenberg, 25 Julai 2014

Baba,

Natumaini u mzima, maana leo salamu nimezifupisha.

Nimeitazama picha yako kwa kioo cha kukuzia. Ni nzuri kuliko zangu zote, na nasema kweli. Lakini ukungu haukusimama ukutani kwetu. Kamera ilikuwa paani, juu ya ukuta huo. Kilichoishia hapo ni picha, si bahari.

Watu wote umewaonyesha. Wewe nani atakuonyesha?

Na kama unakaa humo kunitunzia studio, usinitunzie. Sikukukimbia wewe. Nilichoka kuwaambia watu wainue kidevu, basi. Hama, Baba, nakuomba kwa magoti.

Mwanao,
Sitsofe


Muizenberg, 30 Septemba 2014

Baba yangu,

Miezi miwili sijapata neno. Simu yako haiiti. Kama umekasirika, nitukane kwa barua, hata mstari mmoja. Nitaufurahia.

Mwanao


Dzitakope, ng'ambo ya barabara, 8 Novemba 2014

Sitsofe mwanangu mpenzi,

Nisamehe. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mbishi.

Barua yako niliisoma mara moja nikaificha chini ya godoro. Maji makuu yaliyofuata nikapanda tena paani, safari hii kamera nikaigeuzia nyuma, kwenye jiko na kisima chetu. Ukungu ulikuwepo. Nikajua, na bado sikuhama. Nilijiambia nitahama kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo.

Daavi Abla hakubishana nami. Alikuja na mkokoteni na wanawake watano, akaingia bila hodi. "Seth, shika kabati upande huo."

"Abla, nimekuita?"

"Shika kabati, nimesema. Ukitaka kulia, lia huku umeshika."

Siku tatu walibeba. Negativu zote za miaka arobaini na tatu ziko kwake, juu ya magunia, hazijalowa hata moja.

Alfajiri ya tarehe kumi na moja Oktoba bahari ikaja. Niliweka stendi barabarani, nikaielekeza kwenye ule ukuta wa studio uliochorwa ndege ya abiria, ambao miaka yote kijiji kizima kimepigwa picha mbele yake. Gizani nilijiona niko peke yangu. Nilifungua, nikafumba macho nikaanza kuhesabu. Nilipofika mia moja na kitu nilisikia ukuta ukianguka. Sikufunga. Niliendelea hadi mia mbili na arobaini, nikafunga lenzi, nikaondoka bila kutazama kokote.

Filamu nimeisafisha, nimeifunga kwenye karatasi bila kuitazama. Hiyo hapo ndani. Ichapishe wewe. Mimi sijaweza.

Baba yako,
Seth


Muizenberg, 6 Desemba 2014

Baba yangu,

Mgongo wako, usingizi wako, chakula chako: vyote nitaviuliza nikiwa mbele yako.

Nimeichapisha Jumapili, duka likiwa limefungwa. Ukuta upo na haupo. Umesimama, na mawimbi yanaonekana kupitia ndani yake kama kupitia chandarua. Ndege imebaki bawa moja.

Kushoto, kwenye mchanga mkavu, nilidhani ni nguzo za uzio. Nikachukua kioo. Ni Daavi Abla, mikono kichwani. Ni Agbeli, kofia kaishika kifuani. Ni katekista, na wanawake watano wa mkokoteni, na nyuma yao watu wengi ambao sura zao siwezi kuzisoma. Unajua watu hupotea kwenye picha za dakika nne, kwa sababu hutembea. Hawa hakuna aliyetembea. Kingo zao zimelainika kidogo tu, kwa kupumua.

Posta siwezi kuikabidhi picha hii. Natua Accra tarehe kumi na tisa, naileta mwenyewe mkononi.

Mwanao,
Sitsofe