Mkono wa Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Mpendwa mshauri Bi Wilhelmina, shikamoo, naomba unisaidie maana nakuandikia nikiwa sijui kama niko macho au naota, tangu kiwanda kilipouzwa na sisi tukapunguzwa nimepata kibarua cha ukalimani kwenye mradi wa utafiti wa malaria, daktari anauliza kwa Kiswahili cha vitabuni, mimi nawageuzia watu kwa Kisukuma, wanakubali, wanatolewa damu, basi, na kazi ilikuwa tamu mpaka gari la mradi lilipovuka na kivuko kwenda Sengerema likasimama nyumbani kwa wazazi wa mke wangu Getruda.

Wewe unajua Msukuma na mama mkwe wake, tukikutana njiani mmoja anapisha majanini, macho hayakutani, na sasa mimi ndiye niliyesimama uani nikipaza sauti kumuuliza mama kama anaridhia kutolewa damu, naye hakujibu, upepo wa ziwa ukatikisa pazia la mlango, halafu ukatoka mkono, mkono tu, Daktari Venant akasema, "Safi, amekubali," nami nikanyamaza.

Sasa mama anaota. Anamwambia Getruda kwamba anaiona damu yake ikitembea juu ya maji, inapita mwamba hadi mwamba, inawauliza wavuvi njia ya nyumbani na wavuvi wanaijibu kwa lugha asiyoijua, hata kula ameacha, na ndoto yenyewe imeniambukiza, asubuhi ziwa likiwa limelala na ukungu naiona kabisa, nyekundu, ndogo, haina viatu. Ijumaa chupa za damu zinasafirishwa Ulaya, na Jumatano daktari ameniita kwenye kikao cha kutunga taratibu za utafiti, anataka niwaeleze wakubwa jinsi wanakijiji wanavyoridhia, nikisema ule mkono haukuwa ridhaa naogopa kibarua kitaota nyasi na wanangu watakula nini, nikinyamaza mama atazidi kukonda, nifanyeje?

Luhaga, Igoma

Marahaba, Luhaga. Pole, baba. Ndoto ya mtu mwingine ikikuingia ni mzigo, wala sikucheki.

Lakini loo! Msukuma mzima wewe, mama angekataaje? Kukujibu tu ni aibu, sembuse kukukatalia mbele ya wageni! Alimheshimu mkwe wake, hiyo sindano hakuiridhia. Na ulilijua hilo palepale uani, usiniambie hukulijua.

Kibarua unaweza kukikosa, sikufichi. Daktari Venant huenda si mtu mbaya, hajui tu kwamba kwenu mkono unaweza kutoka na moyo ukabaki ndani. Wewe unajua. Ukienda kikaoni kuwaambia wanachopenda kusikia, basi wamekuitia nini?

Fanya hivi. Kabla ya Jumatano Getruda apande kivuko aende kwa mama yake, na wewe ubaki hukohuko Igoma, kaa mbali na pazia la watu. Wakae jikoni, amweleze mama ile damu inapelekwa wapi na inatafutwa nini ndani yake, amweleze pia kwamba ana ruhusa ya kukataa na hakuna mkwe atakayenuna. Asidai jibu siku hiyo. Walale, asubuhi mama aseme mwenyewe.

Akisema iende, iende kwa amani. Akisema irudi, mfuate daktari wako kabla ya Ijumaa, chupa ya mama itolewe kwenye jokofu. Na vyovyote atakavyosema, kikaoni simama uwaambie waandike: mkalimani asiwe mkwe wa anayeulizwa, na mtu apewe nafasi ya kulala na swali lake kabla ya kudaiwa jibu. Wakikuuliza umeyatoa wapi hayo, wasimulie ule mkono. Ukitetemeka, tetemeka, lakini sema.

Na hiyo chupa ikitolewa, nakuomba, usikubali imwagwe kwenye sinki la maabara. Mpe Getruda aivushe kwa kivuko, airudishe kwa mama. Imetembea vya kutosha.