Tulivyokwenda Kumsemea Paulina

Mang'ola, Karatu

Dada yangu Mwajuma,

Pokea salamu zangu. Natumaini mguu umepona na watoto hawakusumbui sana. Mimi mzima, tunavuna vitunguu, mgongo tu ndio unalalamika.

Maneno uliyomtuma kondakta nimeyapata, kwamba nifunge mizigo nirudi Singida maana huku wanawake wanauawa. Sirudi, dada. Ngoja nikueleze.

Paulina, yule Mmbulu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, walimkuta ameuawa kwenye matete kando ya mfereji. Akazikwa, na habari ikaishia hapo. Msimamizi wa shamba alituambia tu tuache kutembea peke yetu.

Jumapili mchana nikaenda kibanda cha video. Sinema yenyewe ilikuwa ya mpelelezi anayemsaka mtu anayeua wasichana. Mpelelezi hali, halali, majina ya marehemu wote anayo kichwani. Nikatazama roho ikiniuma. Binti mmoja alipokamatwa njiani, mtafsiri anayetutafsiria sinema pale kibandani akasema kwenye kipaza sauti, "Na huyu naye alifuata nini huko?" Watu wakacheka.

Nikasimama mbele ya skrini nikamwambia, "Alikuwa anatoka kazini. Kama Paulina."

Kuna walioniambia niketi, mimi nikatoka. Mama Safari, anayetupikia vibarua, akanifuata nje. Akaniambia polepole kwamba siku Paulina alipouawa alimwona mpakiaji mmoja wa malori akimfuata, na kwamba huyo huyo aliwahi kumkimbiza binti yake. Hakusema mapema kwa kuogopa kufukuzwa kazi.

Kesho yake tulikwenda kituoni wanawake saba. Askari akasema turudi wiki ijayo. Tukakaa chini sakafuni, hatukuondoka. Mchana akachoka kututazama, akaandika maelezo ya Mama Safari, ya binti yake, na yangu. Alhamisi mpakiaji akakamatwa, na simu ya Paulina akakutwa nayo.

Msimamizi amenifuta kwenye orodha yake ya vibarua. Nimepata kibarua shamba la pili, na Mama Safari, naye kafukuzwa, tumemhamishia kwangu.

Kesi itasikilizwa Karatu, nami ni shahidi. Ndugu za yule mtu wameshakuja kunitisha mara mbili. Niliwapa viti, nikaendelea kuchambua mboga.

Nisalimie mama mkwe wako, shangazi mwuza karanga, na kaka yetu fundi baiskeli. Baba akiuliza, usimfiche kitu. Mwambie binti yake amekataa kukimbia.

Mdogo wako mbishi,
Zaituni